Mwalimu Asiye Myahudi na Mila za Kiyahudi katika Darasa la Chekechea

Kila Ijumaa asubuhi, katika shule nyingi za chekechea zinazoendeshwa na masinagogi na vituo vya jumuiya za Kiyahudi nchini Marekani, watoto wa miaka mitatu hadi mitano huketi kuzunguka meza iliyowekwa mishumaa miwili, mkate wa kusukwa uitwao challah na vikombe vya maji ya zabibu. Sabato yenyewe huingia jua linapotua, lakini kwa kuwa saa hiyo watoto wamekwisha kurudi kwao, walimu huwaandalia sherehe yao mapema. Mwalimu anayeanzisha wimbo na kuwakatia mkate huenda si Myahudi. Anaweza kuwa Mkatoliki aliyehamia kutoka Meksiko, Mlutheri mzaliwa wa huko huko, Mwislamu, au mama wa Kikenya au Kitanzania, kwa maana malezi ya watoto wadogo ni mojawapo ya kazi ambazo wahamiaji wanaotoka kwetu huzipata wafikapo ughaibuni. Je, inafaa mila za watu zifundishwe kwa watoto wao wenyewe na mtu asiyezishika? Na ikiwa inafaa, mipaka yake ni ipi?

Sheria hailazimishi shule hizo kuajiri hivyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964, ambayo huzuia ubaguzi wa kidini katika ajira, huyaruhusu mashirika ya kidini kuwapendelea watu wa imani yao. Hali halisi ndiyo inayoamua: mishahara ya walimu wa chekechea ni midogo, wanaoitafuta kazi hiyo hawatoshi, na katika miji yenye Wayahudi wachache shule ingeweza kufungwa kama ingesubiri mwalimu wa imani yake. Mjadala huu basi unahusu kazi ambayo tayari inafanywa, na inayostahili kufanywa vizuri.

Hoja ya wanaopinga ina mizizi katika namna mila hizo zinavyorithishwa. Torati inawaamuru wazazi wenyewe wawafundishe watoto wao, waketipo nyumbani na watembeapo njiani. Katika usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mengine yote, na wakubwa humjibu kwa kusimulia jinsi watu wao walivyotoka utumwani Misri. Mafundisho ya kale ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, yanaongeza kwamba katika kila kizazi kila mtu anapaswa kujiona kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Anayejibu kwa namna hiyo anatoa ushuhuda wa watu wake. Mwalimu Mkristo au Mwislamu anaweza kulisimulia tukio hilo kwa ufasaha, akaeleza mboga chungu na maji ya chumvi yanakumbusha nini, lakini hawezi kusema kwamba mababu zake ndio waliotolewa utumwani na kwamba kwa sababu hiyo yeye anakaa mezani usiku huo.

Hoja hiyo inapata nguvu zaidi tunapokumbuka umri wa wanafunzi. Kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kutofautisha kati ya mwalimu anayeeleza imani na mwalimu anayeiamini. Mtoto wa miaka minne hujifunza kwa kunusa mkate, kusikia sauti na kuutazama uso wa mtu anayempenda. Akimwona mwalimu wake akiwasha mishumaa kwa haraka kama mtu anayemaliza zamu, atajifunza haraka hiyo pamoja na wimbo. Wazazi wanaotaka mwalimu anayeishika Sabato nyumbani kwake, kwa hiyo, wanajua kwamba katika umri huo mwalimu ndiye somo, na si haki kuwaita wabaguzi.

Kuna hatari nyingine ambayo naiona kubwa zaidi, nayo ni ya mwalimu anayedhani kwamba anajua. Wengi wetu tuliokulia katika madarasa ya Jumapili tunamfahamu Ibrahimu, Yusufu, Musa na Daudi tangu utotoni. Ujuzi huo ni mtaji, lakini pia ni mtego. Mkristo amezoea kusoma habari za kondoo wa Pasaka kama utangulizi wa habari nyingine itakayokuja, ilhali kwa Wayahudi habari hiyo imekamilika yenyewe. Mafarisayo aliofundishwa kuwaona kama wanafiki ni walimu ambao dini ya Kiyahudi ya leo inawahesabu miongoni mwa watangulizi wa marabi wake. Kanisa Katoliki lenyewe, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, lilikataa kuwabebesha Wayahudi wote hatia ya kifo cha Yesu, na hata hivyo picha za zamani bado zinasikika katika mahubiri mengi. Mwalimu anayeingia darasani na picha hizo hana haja ya kuzitamka ili zimfikie mtoto. Zinaweza kutokea katika neno moja analolichagua, au katika hadithi anayoimalizia mahali pasipo pake.

Hanuka ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kwa kuwa huangukia karibu na Krismasi, mwalimu wa nje huivamia kwa moyo mkunjufu na kuifanya Krismasi ya Wayahudi, yenye zawadi na mapambo. Sikukuu hiyo haimo katika Torati kabisa. Inakumbuka kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu la Yerusalemu yapata mwaka 164 kabla ya Kristo, baada ya Wamakabayo, Wayahudi walioongoza uasi, kuyashinda majeshi ya mfalme Antioko wa Nne, aliyekuwa amepiga marufuku ibada ya Kiyahudi. Vitabu vya Wamakabayo vimo katika Biblia ya Wakatoliki lakini havimo katika Biblia ya Kiyahudi, na muujiza wa mafuta yaliyowaka siku nane unasimuliwa katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale. Mshumaa mmoja huwashwa usiku wa kwanza, miwili wa pili, hadi minane, na wa tisa hutumika kuwashia mingine. Kwa Wayahudi wengi hii ni sikukuu ndogo ikilinganishwa na Siku ya Upatanisho, Pasaka, au Sabato inayorudi kila wiki. Mwalimu anayetumia Desemba nzima kwa Hanuka na siku moja tu kwa Sikukuu ya Vibanda amewafundisha watoto kwamba uzito wa mila za watu wao hupimwa kwa ukaribu wake na kalenda ya wengine. Hapo amekosea hata kama kila alilolisema lilikuwa la kweli.

Mwalimu Mwislamu huingia kwa mlango tofauti. Kisa cha Musa na Firauni anakijua, kufunga siku ya Ashura kunamkumbusha kuokolewa kwa Musa, na kutokula nguruwe au kuchinja kwa masharti si mambo mageni kwake. Kinachoweza kumpita ni kile kisicho na mfano katika desturi yake, kama vile kutochanganya nyama na maziwa, jambo ambalo katika shule inayofuata sheria za vyakula humgusa kila siku anapofungua mfuko wa chakula cha mtoto.

Upande wa pili una hoja ambazo, kwa maoni yangu, hazijapewa uzito wake. Mtu asiyezaliwa ndani ya mila hulazimika kuuliza, na anayeuliza hufundisha kwa uangalifu. Mwalimu aliyekulia katika sikukuu hizo anaweza kuruka hatua kwa kudhani kila mtoto ameshaona nyumbani baragumu ya pembe ya kondoo ikipulizwa au ameshachovya tofaa katika asali kwa ajili ya mwaka mpya. Watoto wengi hawajaona. Utafiti wa Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa Wayahudi wa Marekani waliofunga ndoa tangu mwaka 2010, asilimia 61 walioana na watu wasio Wayahudi. Maana yake ni kwamba katika chekechea hizo kuna watoto wengi ambao mama, baba au bibi yao ni Mkristo au hana dini. Mwalimu asiye Myahudi anayezishughulikia mila hizo kwa heshima anawaonyesha watoto hao, na wazazi wao pia, kwamba mtu wa nje anaweza kukaa karibu na meza ya Sabato bila kuidharau wala kuinyakua. Kwa mtoto wa jamii ambayo, kwa utafiti huo huo, ni asilimia 2.4 tu ya watu wazima wa nchi nzima, kuona mila za kwao zikithaminiwa na mtu asiyewajibika kuzithamini ni jambo kubwa.

Baraka ndizo zinazogusa mpaka wenyewe. Baraka inayosemwa mishumaa inapowashwa humtukuza Mungu aliyewatakasa wasemaji kwa amri zake na kuwaamuru wawashe mishumaa ya Sabato. Amri hiyo, kwa sheria ya Kiyahudi, haimhusu mwalimu wetu. Wapo wanaosema kwamba anapowafundisha watoto maneno hayo anafanya kama anavyofundisha wimbo wowote, na kwamba kumnyamazisha ni kumtenga mbele ya watoto wanaompenda. Wapo wanaojibu kwamba anasema jambo lisilo kweli kwake, tena mbele za Mungu. Mimi naegemea upande wa pili, ingawa si kwa ukali. Mwalimu anaweza kuiandaa meza, kueleza kinachofanyika na kuwasaidia watoto wanaosahau maneno, huku baraka yenyewe ikianzishwa na mwenzake Myahudi, na rabi, na mzazi aliyealikwa, au na watoto wenyewe. Mpango huo humlinda pia mwalimu, kwa sababu Mkristo au Mwislamu mwenye msimamo katika dini yake hapaswi kulazimishwa kusali sala ya dini nyingine ili apate mshahara.

Mambo hubadilika tukihamia shule za umma. Huko Uingereza elimu ya dini ni ya lazima katika shule za serikali tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, na sheria ya mwaka 1988 ilitaka mitaala izingatie pia dini kuu nyingine zilizomo nchini, kwa hiyo walimu wengi wasio Wayahudi hufundisha habari za Sabato na Pasaka kwa watoto wadogo wa dini zote. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, mwaka 1963, ilikataza usomaji wa Biblia wa kiibada katika shule za umma lakini ikaeleza kwamba kufundisha kuhusu dini bila kuegemea upande kunaruhusiwa. Katika mazingira hayo sahihi ni kusema kwamba familia nyingi za Kiyahudi hufanya hivi, na baadhi hufanya vile. Kuigiza karamu ya Pasaka darasani kunanitia shaka, hasa watoto wanapoombwa wasali, na kumsimamisha mtoto mmoja Myahudi aliyepo ili awe msemaji wa watu wake wote ni kumtwika mzigo ambao hata mtu mzima angeukataa. Ipo pia hali isiyoingia katika sanduku lolote kati ya hayo mawili: shule ya msingi ya King David mjini Birmingham ni ya Kiyahudi, lakini kwa miaka mingi nusu au zaidi ya wanafunzi wake wamekuwa Waislamu, nao hujifunza Kiebrania na kusherehekea sikukuu za Kiyahudi pamoja na wenzao.

Mtoto wa miaka minne, mapema au baadaye, atamwuliza mwalimu wake kama naye ni Myahudi. Kukwepa swali hilo ni kosa, kwa sababu mtoto akijua baadaye atadhani kulikuwa na jambo la kufichwa. Jibu fupi linatosha: mimi si Myahudi, nyumbani kwangu tuna sikukuu nyingine, na ninapenda kuwasaidia ninyi kuijua Sabato yenu. Mwalimu hataweza kulitoa kwa utulivu iwapo shule yenyewe haijamwambia waziwazi kwamba inaruhusiwa.

Hapo lawama au sifa zinahama kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwajiri. Shule inayomkabidhi mtu mila ambazo haijamfundisha imemdhulumu yeye na watoto pia. Anahitaji saa za mafunzo zinazolipwa kabla ya kila msimu wa sikukuu, mtu anayejulikana wa kumwuliza, awe rabi au mwalimu mkuu, ruhusa ya kusema hajui, na haki ya kukataa sehemu ya ibada bila kuhofia kazi yake. Hadithi ya Esta inayosomwa katika sikukuu ya Kiyahudi ya Purimu, kwa mfano, ina mpango wa kuangamiza watu na ina mti wa kunyongea. Uamuzi wa kiasi gani cha hadithi hiyo kimfikie mtoto wa miaka mitatu unapaswa kufanywa na shule pamoja na wazazi wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Usiachiwe mwalimu peke yake, asubuhi, mbele ya watoto waliokwisha kuvaa mavazi ya sherehe.