Anayeuza mahindi Julai si mjinga

Kila mavuno wimbo ni uleule: mkulima wetu hana subira. Anauza Julai, tena lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, halafu Januari yuko dukani ananunua kwa kilo kile alichokilima mwenyewe. Kuna ukweli hapo. Bei hupanda kweli, na mwenye ghala zuri hufaidi.

Ila wanaoimba hivyo wanapiga hesabu ya bei tu. Mdudu hayumo.

Fukusi tulimzoea, bibi zetu walimpunguza kwa moshi wa jikoni, mahindi yakiwa darini na maganda yake. Dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, ni habari nyingine. Tangu alipojitokeza Tabora karibu na mwaka 1980, dari ndiyo karamu yake: anapenda hindi lililo bado kwenye gunzi, kwa sababu punje zimeshikana naye anapata pa kujikita akitoboa. Tia mkono kwenye gunia alilolikalia. Punje hazina uzito, na mkono unatoka mweupe kama wa mtu wa mashine ya kusaga.

Watafiti waliopima hasara Tanzania miaka hiyo ya mwanzo walikuta uzito umepungua kwa wastani wa asilimia 9 hivi, ndani ya miezi mitatu hadi sita. Penye hali mbaya zaidi, asilimia 34. Wataalamu hupenda wastani. Lakini nani ana mahindi ya wastani? Mkulima ana gunia zake kumi, basi. Tuseme Julai gunia ni shilingi 40,000: ana 400,000 mkononi. Akingoja, bei ikafika 60,000, kwa hasara ya wastani anapata 546,000. Hongera kwake. Ikimwangukia ile 34, amebaki na gunia sita na ushei, na anapata 396,000. Bei imepanda kwa nusu nzima, naye bado yuko chini ya aliyeuza Julai! Na hapo nimemchukulia mnunuzi kuwa hatapunguza bei akiona matundu. Atapunguza.

Utaniambia kuna mifuko ya tabaka tatu. Naikubali sana: ukifunga vizuri, wadudu wanaimaliza hewa iliyomo na kufa wenyewe. Lakini inataka mahindi yaliyokauka hasa, unyevu usizidi asilimia 13 hivi, na kipimo cha wengi ni meno, kung'ata punje, au chupa ya kutikisia mahindi na chumvi kuona kama chumvi inanata. Ukifunga yakiwa mabichi unafuga kuvu, na sumukuvu tuliiona ikiua Dodoma na Manyara mwaka 2016. Panya naye akitoboa, kazi imeharibika. Dawa ya unga? Ile inayomuua fukusi haimtishi sana dumuzi. Inayofaa ina viuatilifu viwili, na mnadani huwezi kujua kilichomo kwa kutazama kopo.

Halafu watu wanakula. Mfuko unaofunguliwa kila Jumamosi kuchota debe la kusaga unaingiza hewa kila Jumamosi.

Ndiyo maana wengi wenye gunia kumi huuza saba upesi, ada na deni la mbolea likatoka humo, na tatu za chakula wakazifunga kwenye mifuko mizuri, wakifungua mmoja mmoja. Kwenye ripoti, huyo naye anaandikwa kwamba aliuza mapema.