Kuhama seva si kubeba nyumba nzima

Kuna makala inayosema ukihama seva ndani ya Mastodon, ule mtandao wa kijamii wenye seva nyingi zinazoendeshwa na watu tofauti, unaondoka na kila kitu chako. Hapana jamani. Wanaohama ni wafuasi. Machapisho yanabaki kulekule kwenye akaunti ya zamani.

Wengi huangushwa na mpangilio wa hatua. Anza na akaunti MPYA: ingia kwenye mipangilio, eleza kwamba unatoka akaunti nyingine, uandike anwani ya zamani nzima, yaani @jina@seva, si jina tupu. Ndipo urudi kwenye ya zamani, uandike anwani mpya na nywila. Ukianzia ya zamani itakugomea. Kabla ya yote pakua mafaili ya CSV, yaani orodha zako: unaowafuata, uliowazuia, uliowanyamazisha. Hayo hayahami yenyewe. Ukiyapakia upande wa pili chagua kuunganisha, maana chaguo lile jingine linafuta orodha iliyopo. Na ukikosea seva, subiri siku 30 ndipo uhame tena.

Wanaotaka kufungua seva ya kikundi hapa Dar: kinachojaza diski si maneno ya wanachama wenu, ni nakala za picha na video kutoka seva nyingine zinazohifadhiwa kwenu. Wekeni usafishaji wa kila siku, zifutwe zilizozidi siku 7. Jina la kikoa, yaani anwani ya seva yenu mtandaoni, msilichague kwa haraka, halibadiliki baadaye.

Halafu ujumbe wa faragha si wa siri kiasi hicho. Msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Mambo ya M-Pesa na ya ndani pelekeni kwingine.