Hawa Watu Ndoo Zao Wanaweka Wapi?

Leo asubuhi nimekunywa chai nimesimama, kikombe mkononi, sahani ya viazi juu ya friji. Si kwamba meza hatuna. Ipo, ila imefungwa kwenye tumbo la kitanda, na lazima kitanda kisimamishwe ukutani ndipo meza ishuke. Na juu ya kitanda amelala shemeji yangu, ambaye tangu amalize chuo haamki kabla ya saa nne.

Haya kayaleta mama watoto na simu yake. Kaona picha za vyumba vya Wajapani: mikeka, kimeza kifupi, ua moja kwenye chupa, basi. Godoro wanalikunja asubuhi wanalitia kabatini. Akaniambia, "Baba Shani, sebule yetu si ndogo, vitu ndivyo vingi." Nikaitikia kwa kichwa kama mzee wa baraza. Wiki ile ile makochi ya mninga yakatoka, kabati la vyombo likatoka, stuli na vitambaa vyake vya kufuma zikafuata.

Fundi wa Keko alipotaja bei ya hicho kitanda-meza, nikadhani kajumlisha na kodi ya nyumba. Tena si mninga, ni ubao wa maranda na gundi, ukimwagikiwa uji unavimba. Nikamuuliza mbona mbao chache, hela nyingi? "Mzee, hapa unalipia nafasi." Nafasi! Sebule ninayoilipia miezi sita kwa mkupuo, kumbe nafasi yake ilikuwa Keko.

Mwenye nyumba naye kaja kuhesabu matundu ya skrubu ukutani. Kaandika.

Sasa, mtaani kwetu kabati la vyombo likipandishwa kwenye guta mchana kweupe, watu hawaulizi. Wanajua ni kausha damu, ile mikopo ya riba kali, wamekuja kubeba vitu. Jumamosi nimetulia, nikaona mama mjumbe anaingia bila hodi, khanga kaifunga kiunoni, sauti kaishusha.

"Baba Shani, pole."

"Ya nini tena, mama?"

"Usijikaze, mwanangu. Wamechukua na tivii?"

"Tivii si hiyo hapo ukutani."

"Wameiacha! Basi hawa wana utu."

Nikakaa vizuri, kwa heshima zote, nikamweleza kwamba hakuna deni, huu ni mtindo wa siku hizi, hata Ulaya watu wanaishi hivi.

Akashika kichwa. "Kumbe mlikopa mpaka Ulaya?"

Kufumba na kufumbua kina mama wameingia na jamvi. Mmoja kaleta mchele, mwingine sukari kwenye mfuko wa nailoni, daftari la mchango likafunguliwa jina langu likiwa juu. Jirani wa chumba cha uani, ambaye jiko langu la mkaa kaliazima na hajalirudisha hadi leo, akatoa elfu mbili na akataka isomwe kwa sauti. Kila nikifungua mdomo wananiambia nipumzike. Mama watoto akarudi kutoka sokoni, akakuta duara zima limekaa chini. Akafurahi! "Si mnaona wenyewe nafasi ilivyo?" Bibi mmoja akafuta machozi: "Mungu atakujazia, mwanangu."

Mimi nilitoka nje.

Nimesoma kwamba vitanda vya kusimamisha ukutani vilipata umaarufu Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kazi ya William Murphy wa San Francisco. Inasimuliwa kuwa alipanga chumba kimoja na alitaka kumkaribisha mchumba bila kitanda kuonekana. Sawa, yeye alikuwa na mchumba. Mimi nina shemeji.

Na zile picha nimezikagua moja moja. Hakuna ndoo. Hakuna mtungi wa gesi, wala mkaa wa akiba gesi ikiisha, wala sufuria la shughuli, wala gunia la mchele alilotuma mama kutoka Kyela. Hawa watu maji yao hayakatiki? Bomba likikauka siku tatu, hilo ua moja kwenye chupa wanalimwagilia nini? Lamu wazee waliishi kwenye vyumba vyembamba, maana boriti za mikoko hazikuruhusu upana wa kuzidi mita tatu hivi, lakini walichimba zidaka ukutani, sahani za Kichina zikakaa humo. Ukuta ulikuwa wao! Mimi nikichimba kidaka, mwenye nyumba atanidai chumba kizima.

Mchango mama mjumbe kakataa kuupokea tena, anasema sadaka hairudi. Makochi yangu yamenunuliwa nyumba ya tatu, na kuku wanatagia juu yake. Mninga! Na jogoo wa hao kuku anawika saa nane usiku, hajui alfajiri wala kiza. Ningepeleka malalamiko kwa mjumbe, lakini jogoo ni wake.