Ile klipu imekatwa, wadau

Mliorushiwa tangu jana ile klipu yangu nikimsema mama wa watu ubatizoni, tulieni. Rafiki yangu aliyerekodi (simtaji, ana watoto wadogo) kaikata anapopataka yeye.

Ubatizo, ukumbi umejaa, MC ananiita: "Ticha wetu wa Kiingereza, mawili matatu kuhusu mama wa ubatizo." Mama mwenyewe ni mweka hazina wa kikoba, na mimi kikoba kinanidai. Nikasema leo namsifia mpaka asahau marejesho.

Nilichopanga kusema ni hiki. Waingereza wa kale, kabla hata Wanormani hawajawavamia 1066, mzazi wa ubatizo walimwita godsibb: god ni Mungu, sibb ni undugu. Baadaye likawashika na wanawake wanaojazana chumbani kwa mzazi anapojifungua. Wanaume nje, uchungu wa saa nyingi, mnadhani mle ndani walikuwa wanasali tu? Kufika karne ya 16 neno limeshageuka gossip, mtu wa umbea. Tamu, eti? Ila mimi na mbwembwe zangu nikaanzia mwisho.

"Ndugu zangu, mama huyu ni mbea!"

Nikanyamaza, ili washtuke kwanza.

Umeme ukakatika.

Maiki imekufa mkononi. Feni inapunguza mwendo, kwii, kwii, mpaka ikasimama. Tochi za simu zikaanza kuwaka moja moja, zote usoni kwangu. Namwona mama anaitua soda yake mezani taratibu, anaifunika na kitambaa, anaweka kitenge sawa begani. Nikapiga kelele, "Kwa Kiingereza cha kale!"

Sauti gizani: "Hata cha kisasa!"

Mama akasimama. Kwa upole kabisa, ule upole wa kutisha: "Mwanangu, nimemsema nani?"

Kimya. Halafu meza ya nyuma mtu akaguna, "Mmh."

Mguno ule, jamani! Mimi ningesamehewa, lakini mguno ule ulikuwa na ushahidi.

Jenereta likawaka, maiki nikanyang'anywa, pilau nikala nimesimama karibu na mlango, nikaondoka bila kuaga. Leo asubuhi deni langu limewekwa kwenye grupu la kikoba, jina kamili, na riba yake. Ni kiasi gani? Msiniulize mimi, wa kuwaambia mnamjua.