Guardado na namba zake tatu

Kijiweni kwetu, kila nikimtaja Andrés Guardado kwenye mjadala wa viungo bora wa Mexico, nachekwa. "Kachezea timu gani kubwa, huyo?" Naelewa swali linakotoka. Ulaya alipita Deportivo La Coruña, Valencia, Leverkusen kwa mkopo wa miezi michache, PSV na Betis, kisha akarudi Mexico kumalizia León. Real hakugusa, Barcelona hakugusa.

Mimi naangalia namba alizocheza, yaani nafasi zake uwanjani. Alitoka Atlas, kwao Guadalajara, akiwa namba 11 kamili, winga wa kushoto: guu la kushoto, mbio na krosi. Deportivo iliposhuka daraja mwaka 2011 hakukimbia, akabaki kuipandisha msimu uliofuata. Valencia wakamrudisha nyuma kucheza beki ya kushoto, namba 3. Nimeona mawinga wa mtaani wakisusa mazoezi wiki nzima kwa jambo dogo kuliko hilo. Yeye alicheza.

Mwaka 2014 akatua PSV ya Uholanzi, kocha Phillip Cocu akamtia katikati, namba yake ya tatu, na hapo ndipo nilipompenda. Kasi ilikuwa imeanza kupungua, lakini pasi anayoitaka winga aliijua, maana aliwahi kuisubiri mwenyewe. Na pengo analoliacha beki akipanda alilijua pia. PSV haikuwa imebeba ubingwa tangu 2008. Ikabeba 2015, ikarudia 2016. Miaka 35 ikamkuta Betis, akinyanyua Copa del Rey, Kombe la Mfalme la Hispania, mbele ya Valencia ileile, kwa penalti.

Wapinzani wangu hukimbilia nusu fainali ya Gold Cup 2015, kombe la mataifa ya Amerika ya Kaskazini, Kati na Karibiani. Panama walikuwa kumi uwanjani na bado wanaongoza 1-0, dakika za mwisho Mexico ikapewa penalti ambayo hata mimi nisingeitoa. Guardado akafunga, akafunga nyingine dakika za nyongeza, na baadaye akakiri kwamba ya kwanza alifikiria kuikosa makusudi. Sasa mlitaka aikose? Filimbi haikuwa mdomoni mwake.

Kombe la Dunia alikwenda mara tano, 2006 hadi 2022, na hakuna Mmexico aliyeichezea timu ya taifa mechi nyingi kuliko yeye. Ila kile ambacho Wamexico hukiita "mechi ya tano", yaani robo fainali, hakukiona hata mara moja. Mechi yake ya kwanza katika Kombe la Dunia aliianza akiwa na miaka 19, jijini Leipzig, dhidi ya Argentina. Maxi Rodríguez akawatoa dakika za nyongeza. Miaka 16 baadaye, Qatar, Argentina tena. Alianza katikati, utepe wa unahodha mkononi, na kabla ya mapumziko misuli ikagoma. Akatoka, mechi ikiwa bado 0-0.