Mizani ya korosho igeuzwe, mbanguaji aione

Nalea wazee katika nyumba ya matunzo hapa Leicester, Uingereza. Nikipiga simu Mtwara sikosi kuambiwa, "Ninyi huko mna sheria." Inaniuma, maana inawapa waajiri wetu pa kujifichia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri alipe saa za ziada mara moja na nusu. Huku hakuna sheria inayomlazimisha kupandisha malipo ya saa hizo. Ni mapatano yenu tu.

Ninachokiona huku ni kwamba msimamizi hajioni mfadhili wangu. Saa zangu zimeandikwa kwenye slipu ya mshahara. Zikipungua nauliza, na hanuni mtu. Nami sitoki zamu mpaka nimkabidhi mwenzangu: nani amekula, nani amekataa dawa, nani ameteleza bafuni. Naandika, natia sahihi. (Si kote hivyo. Wapo wenzetu ambao viza yao iko mikononi mwa mwajiri, na hao hawathubutu kufungua mdomo.)

Kabla ya kuja huku nilibangua korosho kwenye kiwanda kimoja cha Mtwara, malipo kwa kilo. Mafuta ya ganda yanaunguza. Vidole vinakuwa vyeusi, ngozi inabanduka, na jioni hata kumenya muhogo ni mateso. Glavu tulijinunulia, ingawa sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inamtwisha mwajiri gharama ya vifaa vya kinga. Mizani ilimtazama karani. Mama mmoja aliuliza kilo zake, akajibiwa kwamba wanaotaka kazi wamejaa getini. Kesho yake hakuitwa.

Wapo waliofunga korosho kwenye pindo la khanga. Wizi ni wizi, siutetei. Lakini tajiri anayemficha mtu kilo zake mwenyewe anapata wapi uso wa kumdai uaminifu?

Wenye viwanda, geuzeni mizani, toeni glavu, andikeni mikataba. Hayo hayahitaji mfadhili kutoka Ulaya. Na wewe dada wa Chikongola, Mtwara, uliyeachishwa kazi bila haki, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema: mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30, na ukichelewa utaanza kwanza kuomba kuongezewa muda.