Dola ya Sacagawea: anayesema "hiyo ni dola moja" haoni wivu

Picha ya sarafu ya dola moja ya Marekani, ya rangi ya dhahabu, ikizunguka kwenye simu, na chini yake imeandikwa kwamba ina thamani ya maelfu, haikosi mtu wa kujibu: hiyo ni dola moja tu. Naye huambiwa ana wivu. Mimi naona anaonewa, ingawa wenye picha nao wana hoja.

Hawakuzusha. Mwaka 2000 Marekani ilipotoa dola yenye sura ya Sacagawea, mwanamke wa kabila la Shoshone aliyembeba mwanawe mgongoni, sarafu 5,500 zilitiwa ndani ya maboksi ya nafaka za Cheerios ili kuitangaza. Mwaka 2005 ndipo wakusanyaji wa sarafu walipogundua kwamba zipo zilizopigwa kwa muhuri wa awali: manyoya ya mkia wa tai aliye upande wa nyuma yana mistari iliyochorwa kwa undani, na unyoya wa katikati una uti uliotokeza. Hizo huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa hiyo kuangalia sarafu yako kabla ya kuitumia si upuuzi hata kidogo.

Lakini piga hesabu. Mwaka huo wa 2000 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilitoa dola hizi zaidi ya milioni 767. Tuseme zote 5,500 zina mkia ule, na zote zilirudi mitaani. Bado ni moja katika kila sarafu 139,000 na ushei. Ukigeuza moja kila sekunde tano, saa nane kwa siku, utamaliza siku 24 ndipo utarajie kuipata, tena uwe umeketi mbele ya rundo la dola 139,000. Hapo sijagusa zile za kiwanda cha Denver, zaidi ya milioni 518, ambazo hazina mkia ule kabisa. Herufi iliyo chini ya mwaka ikiwa D, safari imeishia hapo.

Ndiyo maana namtetea mtu huyu. Anajua kwamba dhahabu haimo: ni shaba asilimia 88.5, pamoja na zinki, manganizi na nikeli. Anajua pia kwamba rangi yake hufifia na kuwa kahawia, na kwamba mwenye tamaa akiisugua kwa limau na majivu ameiharibu machoni mwa mkusanyaji, hata kama ilikuwa ile adimu.

Mambo kama haya aliyaona mwaka 2007 pia. Zilipotolewa dola zenye sura ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, baadhi zilitoka bila maandishi ukingoni. Za mwanzo ziliuzwa kwa mamia ya dola. Zilipoonekana maelfu kwa maelfu, bei ikaanguka. Wapo wanaofuta maandishi kwa tupa ili kughushi, na hapo mizani ya sonara hutoa ushahidi, kwa kuwa sarafu kamili ina gramu 8.1, na iliyopigwa tupa hupungua.

Kosa lake ni moja: hujibu kabla ya kuuliza. Angeanza na swali, ugomvi mwingi usingekuwapo: ni ya mwaka gani, ina herufi gani, na uti wa ule unyoya wa katikati umetokeza au umebonyea?